Sime Ndani ya Hema la Mtarso

Mtu mfupi aliingia kichochoro cha wauza samaki. Zosimo naye akaingia.

Mtu mfupi akasimama, akatua furushi la mahema, akapumua. Zosimo akainama chapuchapu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Goti likalia. Jamani, uzee huu! Kazi ya kunyemelea watu ni ya vijana, na yeye alishaichoka kabla mvi hazijamtoka. Lakini mtumwa wa serikali hapumzishwi.

"Huyu ndiye wa mwisho," akida Vibio alimwahidi mwanzoni mwa majira ya baridi. "Anaitwa Paulo, fundi mahema kutoka Tarso. Kuna mtu hapa Korintho anawapelekea sime za magendo majambazi wa milimani. Nina hakika ni yeye. Nithibitishie, uwe mtu huru."

"Kwa nini mimi, bwana?"

"Si na wewe ni wa Tarso? Mtasikilizana."

Ni kweli, alizaliwa Tarso. Alioga mto uleule wa Kidno, akauzwa kabla hajaota ndevu. Basi akavaa joho la mnunuzi wa mahema ya wageni wa michezo ya Isthmia, akachukua fimbo yake yenye upanga ndani, akaenda kushinda karakanani kwa fundi, masikio wazi.

Aliyoyaona yalimtia wivu.

Zosimo lugha alifundishwa kwa viboko. Majina alipachikwa. Kazi aliigiza, na mara nyingi aliigiza vibaya. Paulo alikuwa navyo vyote tangu kwao.

Mabaharia wakija, anapiga nao Kiyunani cha mtaani mpaka wanacheka. Wazee wa sinagogi wakija, anawafungulia maandiko aliyosomea Yerusalemu, wanabishana mpaka mishipa inawasimama. Askari mmoja aliinua fimbo amchape kwa kumzibia njia. Fundi akamwambia kwa upole kwamba yeye ni raia wa Roma wa kuzaliwa, na fimbo ikashuka yenyewe. Kwa Wayahudi ni Sauli, kwa wengine ni Paulo, na majina yote mawili ni yake.

Na ile sindano! Mji gani hauna hema lililochanika? Anafika, anakaa chini, anashona, anakula jasho lake. Hakuna wa kumwambia anahubiri kwa ajili ya tumbo. Mkono unashona, mdomo unamsimulia Masihi wake aliyesulubiwa akafufuka, na watu wanakuja wenyewe.

"Anaingia kila mlango, bwana," Zosimo aliripoti. "Na hajavunja kitasa hata kimoja."

"Basi ni jasusi hatari."

"Au hana anachojifanya."

"Umezeeka wewe. Endelea."

Akaendelea. Siku joho lake liliponaswa na msumari, Paulo alilivuta magotini kwake akalishona bila hata kuulizwa. Eutikia, mjane aliyeshona pamoja naye, akaangua kicheko.

"Mnunuzi! Majira mazima unapapasa mahema, hununui. Unatafuta hema au unatafuta mke?"

Zosimo alicheka. Moyoni alijisikia mchafu.

Sasa ilikuwa asubuhi ya siku ya kwanza ya juma, na Paulo alikuwa anapeleka mahema merikebuni, bandari ya Kenkrea. Eutikia alitangulia na mkokoteni. Walipofika gatini, Vibio na askari wake walikuwa wamejibanza nyuma ya ghala.

Ishara ilikuwa rahisi. Zosimo akikuna sikio, wasubiri. Akivua kofia, ni huyu, mkamateni.

Ghafla akatokea Krateo, muuza divai, mtu anayekaribishwa mezani kwa liwali. Anatweta.

"Akida! Yachane hayo mahema! Chana uone!"

Askari wakachana.

Sime zikamwagika juu ya mawe, zikalia. Sime fupi, za chuma cha Noriko kinachosifiwa na askari, zimepakwa mafuta, mpya kabisa.

"Mungu wangu!" Eutikia akapiga ukelele. "Hizo si zetu!"

Paulo hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisimama palepale, mikono yenye sugu imening'inia.

Vibio akamtazama Zosimo kule kwenye umati. Kofia tu. Aivue, na jioni alale mtu huru. Fundi naye uraia ungemfaa nini kwa kesi ya uasi? Angekatwa kichwa badala ya kusulubiwa, basi. Na Zosimo alimjua Vibio: alitaka Paulo, hakutaka jina lingine.

Mkono wa Zosimo ukapanda. Vidole vikashika ukingo wa kofia.

"Nilimwona kwa macho yangu!" Krateo hakunyamaza. "Jana mchana kweupe! Kakaa mlangoni pa karakana yake, anazishonea ndani huku anaimba!"

Jana.

Mkono ukaiacha kofia. Ukakuna sikio.

Kisha Zosimo akatoka kwenye umati, akachechemea mpaka mbele ya watu wote. Majira mazima ya kujificha yakaishia hapo.

"Jana, Krateo? Unaapa?"

"Kwa Poseidoni! Kwa mama yangu!"

"Jana ilikuwa Sabato, ndugu yangu. Huyu ni Myahudi, tena mwana wa Farisayo. Jana hata uzi hakuugusa. Alishinda sinagogi, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nasinzia. Karakana ilifungwa kutwa. Uliingia kwa kificho kuzitia hizo sime, ukakuta hakuna mtu, ukadhani wameenda kula."

Makuli Wayahudi wakaangua kicheko gatini. Hata mtoto wao asingekosea hivyo.

Krateo akatoka nduki.

Zosimo hakuchomoa upanga. Alimtia Krateo fimbo katikati ya miguu tu, naye akala vumbi. Askari wakavunja mitungi yake ya divai iliyokuwa gatini ikisubiri kupakiwa. Mitungi ilikuwa na vitako viwili, na katikati zilikuwemo sime, chuma kilekile.

Vibio akamsogelea, uso umemkunjamana.

"Ahadi ilikuwa Paulo. Wewe umeniletea rafiki wa liwali. Uhuru usahau."

"Nilijua, bwana."

"Kesho unaenda Patra. Utakuwa muuza mafuta. Jina utapewa."

"Sawa, bwana."

Alichoka mpaka kwenye mifupa. Nyuma yake Paulo alikuwa amekwisha kaa juu ya jiwe, anatunga uzi, anashona hema lililochanwa. Merikebu ilikuwa inasubiri.

Eutikia akamkimbilia, akamshika joho palepale liliposhonwa.

"Wewe! Kumbe hukuwa mnunuzi? Basi niambie unaitwa nani. La kweli."

Zosimo akafungua kinywa. Zosimo lilikuwa jina alilopachikwa na dalali aliyemnunua. Akalitafuta lile lingine, alilokuwa akiitwa na mama yake kutoka ng'ambo ya Kidno, chakula kikiwa tayari. Hakuwa amelitamka tangu siku alipouzwa sokoni.

"Sandoni," akasema.

"Nenda salama, kaka Sandoni."

Akaweka kofia yake sawa, akashika njia ya Korintho, hana haraka.