Hotuba Fupi ya Katoro

ALHAMISI, MCHANA

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji, pale Katoro, na kilinuka oili chafu. Silvesta alichora duka sakafuni kwa mkaa. Mlango mmoja. Geti la nondo. Sefu.

"Mwenye duka, huyu Fikirini, ananunua dhahabu wiki nzima," alisema. "Jumamosi inakwenda Mwanza. Ijumaa yeye na watu wake wote wako msikitini. Anabaki mlinzi mmoja tu, mzee Mayala. Doto, sefu utaikata kwa muda gani?"

Doto alikuwa fundi wa kuchomelea. "Kwa gesi? Nusu saa. Ikikaza, zaidi kidogo."

"Baharia, sala yenu ya Ijumaa inakula muda gani?"

Baharia ni Abdulshakur, dereva wao. Alikaa melini miaka mingi, akarudi, na tangu arudi hajakanyaga msikiti. Watu wakimuuliza bandari za Asia zikoje, hujibu: kreni. Singapore kreni. Busan kreni, na theluji juu ya makontena. Chittagong aliona watu peku wakikatakata meli kuukuu ufukweni. Mmoja alidondoka kutoka juu. Abdulshakur alikuwa sitahani anakula wali, na wali haukumkwama. Zamani jambo kama hilo lingemtoa machozi. Bahari ilimkausha, basi.

Msikiti aliokuwa anaukumbuka ni wa Kolombo, jirani na geti la bandari. Ijumaa moja alipata ruhusa ya kushuka. Imamu alihubiri kwa Kitamili, akahubiri weee, Abdulshakur akasinzia, akazinduka, mahubiri bado yapo.

"Saa nzima," alisema. "Hata na nusu."

Silvesta hakushangaa. Kwao Ushirombo misa ya Jumapili, ukijumlisha kwaya, sadaka na matangazo, inameza asubuhi yote. Alijua Mungu hana haraka, na hakuuliza zaidi.

Doto alimvuta Abdulshakur pembeni. "Shemeji, mimi sijawahi kuiba. Dada Esta akijua, ataniua."

"Hatajua. Nitakurudisha mwenyewe."

Alisema hivyo kama mtu anayeahidi kuleta chumvi kutoka dukani.

IJUMAA, SAA SABA

Adhana. Fikirini na watu wake wakaondoka na kanzu zao.

"Shikamoo, mzee," Silvesta alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu," Mayala alijibu, na ndipo akaiona bastola. Akafungwa kamba, akalazwa chini. Doto akawasha gesi. Nje, Abdulshakur aliacha injini ikinguruma.

SAA SABA NA ROBO

Kipaza sauti cha msikiti kilisikika mpaka barabarani. Imamu alionya wanaopunja mizani, akaomba dua, akanyamaza. Ikakimiwa sala. Imamu wa Katoro anawajua waumini wake, nusu yao wameacha dhahabu mezani.

Abdulshakur akapiga simu. "Silvesta, hotuba imekwisha."

"Unasema?"

"Wanasali rakaa mbili, wanatoka. Nimekosea. Tokeni!"

"Bado kidogo."

Bado kidogo imezika wengi.

SAA SABA NA NUSU

Sefu ilifunguka wakati kanzu zimeshajaa barabarani. Fikirini alikuwa mbele. Aliona moshi dirishani mwake.

"Wezi! Wezi jamani!"

Silvesta alitoka mbio na mfuko. Doto alikuwa nyuma yake, anavua miwani ya kuchomelea. Silvesta akageuka, akalivuta geti, akabana kufuli. Doto akabaki ndani.

"Wacha wahangaike na huyo," alisema, akijitupa ndani ya gari. "Ondoa gari!"

"Shemeji!" Doto alishika nondo kwa mikono miwili. "Shemeji, nifungulie!"

Mawe yalianza kugonga bati. Mtu mmoja alikuwa anakuja na tairi, mwingine na chupa ya petroli. Abdulshakur aliona yote, kwa utulivu, kama alivyowatazama wale wa Chittagong. Angeweza kushuka. Mguu wake ulikanyaga mafuta.

SAA NANE

Barabara ya Ushirombo ilikuwa nyeupe, haina gari. Silvesta aliupakata mfuko kama mtoto mchanga, akicheka peke yake. Abdulshakur alitaka kulia. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha kuliko bastola.

Simu ikaita. Esta.

"Baba Raudha, mmekula?"

"Bado."

"Doto namtafuta hapatikani. Hebu nipe niongee naye."

Silvesta aliacha kucheka.

"Ameshuka kununua maji," Abdulshakur alisema.

"Haya. Msije mkamwacha, huyo kwa kuzubaa! Na mwambie nimempikia sato."

"Hatumwachi," alisema, akabadilisha gia.