Ngamia wa Dadacha

Ngamia sita wa Mzee Yattani waliibwa Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini. Kabla ya alasiri, Inspekta Ekeno alikuwa ameweka kizuizi kwenye barabara ya Marsabit na kingine kwenye njia ya Garba Tulla.

Hakuna ambaye angemlaumu. Mzee alifika kituoni bila kofia, akihema, akaeleza hasara yake bila kusita: majike wanne, ndama wawili, rangi zao, majina yao, na alama ya ukoo iliyo shingoni. Mwaka ulikuwa 1985. Kiangazi cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimemaliza mifugo, na kwa ngamia sita mtu angeweza kuuawa. Askari wa zamu aliandika kila kitu. Hakuuliza swali la ziada, kwa sababu Isiolo mtu anayewajua ngamia wake namna hiyo haulizwi ni ngamia gani.

Land Rover ya polisi ilisimama mtaa wa Wabera, mbele ya nyumba ya mabati ya Mzee Yattani. Sajini Denge, dereva na hodari wa kufuata nyayo, alishuka na kuinama. Alizunguka nyumba yote akiwa ameinama hivyo.

"Sioni unyayo hata mmoja, afande."

"Mzee," Inspekta Ekeno aliuliza, "hao ngamia walikuwa wamelala wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya boma?"

"Ndani ya nyumba. Kwenye sanduku, chini ya kitanda."

Sajini Denge aliinuka polepole.

"Ni wakubwa kiasi gani?" Inspekta aliuliza.

Mzee Yattani alionyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

"Ni wa udongo," alisema mkewe, Kabale, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Alipotoka hapa mbio nilimwambia, wewe, sema ni wa udongo. Akaniambia polisi si wajinga, wataelewa. Na mimi sufuria yangu kubwa ikiibwa, haji hata askari mmoja."

Inspekta alirudi kwenye gari, akachukua simu ya upepo.

"Kizuizi cha Marsabit, ondokeni."

"Afande, tumezuia ngamia ishirini na mmoja hapa. Wenyewe wanatutukana."

"Waachieni."

"Wote?"

"Wote. Na muombe msamaha."

"Tuombe ngamia msamaha, afande?"

Inspekta alizima simu. Alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja ndani ya gari alipomtazama mzee. Yattani alikuwa ameketi kizingitini, sanduku tupu mapajani, akilipapasa ndani kwa mkono kana kwamba wanyama wamejificha pembeni.

"Aliwafinyanga ndugu yangu Dadacha," alisema bila kuulizwa. "Tulikuwa wadogo, tunachunga ndama. Akawachoma kwenye moto wa mama, akapigwa kwa kuharibu kuni. Dadacha tulimzika mwaka jana. Hakuacha mtoto. Picha hakupigwa hata moja, alisema kamera inampunguza. Hao ndio aliacha. Jioni huwatoa nikawapanga, basi. Nikishawaona, nalala."

Inspekta Ekeno alishusha mguu. Yeye alizaliwa Lokichar, na kabla ya kupelekwa shule alikuwa na mbuzi wa mawe wapatao mia moja, tajiri kuliko baba yake. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika jeshi la polisi.

"Nani alijua wako hapa?"

"Kila mtu," alisema Kabale. "Akija mgeni, hata chai hajanywa, anaonyeshwa ngamia."

"Mwizi hakuacha kitu?"

Mzee aliingia ndani, akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa ngamia mmoja aliyefungwa kitambaa. Dume. Alikuwa mkubwa kuliko kidole kirefu cha mtu, shingo ameinua, na kengele ndogo ya shaba imening'inia.

"Huyu nilimtengeneza mimi mwenyewe," alisema. "Ameachwa pale pale sandukuni. Nikamfunga asije naye akaondoka."

"Una adui?"

"Guleid," alijibu papo hapo. "Muulize Guleid. Mwambie natoka kwa mtu mwenye ngamia wa nundu moja."

Duka la Guleid lilikuwa karibu na soko. Babu yake alikuwa askari wa mkoloni, baba yake akanunua lori, na Guleid akarithi lori pamoja na imani kwamba kitu chochote kinauzika. Dirishani alikuwa amepanga ngamia wa plastiki, wekundu, kila mmoja ndani ya karatasi ya nailoni. Juu yao aliandika kwa rangi: NGAMIA WA UTOTO WAKO, SASA WAPYA.

Kila ngamia alikuwa na nundu mbili.

"Salaam aleikum, Inspekta. Unataka mmoja? Kwa ajili ya mtoto?"

"Sina mtoto mdogo."

"Hata wazee wanaowanunua hawana. Wote wanasema ni wa mjukuu. Jana amenunua mmoja ambaye hajaoa."

"Kwa nini nundu mbili?"

Guleid aliangalia kaunta. "Fundi wa kiwanda, huko Nairobi. Hajawahi kuona ngamia. Aliona kwenye picha ya Uchina. Wamenitumia makatoni kumi, Inspekta! Wazee wanaingia hapa, wananunua, halafu wanasimama nje wanacheka. Yattani aliniuliza kama ninauza ngamia au vilima."

"Ukaudhika."

"Nani hataudhika?"

"Kiwanda kinataka kutengeneza wengine?"

"Wanataka. Wameniambia tuma mfano wa zamani, wa kweli, tuuige."

"Ngamia wa Yattani ni mfano mzuri."

"Mzuri sana."

"Ulikuwa wapi saa ya swala?"

"Msikitini! Safu ya pili, nyuma ya mwalimu mkuu, muulize. Alinikanyaga." Kisha macho yakamtoka. "Wameibwa? Hata dume?"

"Kwa nini unauliza dume?"

"Kwa sababu ndiye ninayemtaka! Majike yake ni ya kawaida, yamefinywafinywa na mtoto. Lakini lile dume, shingo ile, kengele ile! Nilimpa Yattani mbuzi, mbuzi mzima anayetembea, aniazime dume wiki moja. Alimkubali mbuzi, akakataa kumtoa dume. Hata nikaenda kumchukua mbuzi wangu, Kabale akanifukuza na ufagio."

Inspekta alitoka nje na kusimama mbele ya dirisha. Nundu mbili mbili, safu nzima, zilimtazama.

"Sajini," alisema, "mwizi wa mjini angechukua dume kwanza. Mrembo, ana kengele. Huyu ameacha dume, akachukua majike na ndama wao. Hakutenganisha ndama na mama. Huyo si mwizi wa duka. Huyo ni mchungaji."

"Ndiyo, afande."

"Na mchungaji anaacha dume zuri namna ile kwa nini?"

Denge alikuna kichwa chini ya kofia. "Labda ana dume lake. Madume wawili kwenye kundi moja watavunjana."

"Hata wa udongo?"

"Afande, mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo sikuwaweka pamoja."

"Hata mimi," alisema Inspekta, kisha akakohoa. "Yaani, nimesikia watu wakisema hivyo."

Walirudi Wabera. Inspekta aliuliza swali moja tu: nani mwingine katika mji huu ana ngamia dume wa udongo?

Mzee Yattani aligeuza uso. Kabale ndiye aliyejibu.

"Adano. Walikuwa watatu siku zote, huyu na Dadacha na Adano."

"Jina hilo lisitajwe hapa!" mzee alifoka. "Dadacha alikufa, Adano hakuja kuzika. Hakuja matanga. Mwaka mzima hajakanyaga mlango huu. Rafiki gani huyo?"

"Ingia kwenye gari, mzee," alisema Inspekta.

Mzee Adano alikuwa akikaa Chechelesi, kwa binti yake Tiya. Tiya aliwaona polisi, akaweka chini ungo wa mchele na kuelekeza nyuma ya nyumba kwa kidevu.

"Mchukueni," alisema. "Tangu mchana hajala. Ananituma miiba."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na boma la miiba lililoweza kufunikwa na sinia. Ndani yake walisimama majike wanne, ndama wawili, na dume mmoja mnene aliyekatika sikio. Mzee mrefu aliyekonda sana alikuwa amepiga magoti, akiziba pengo kwenye uzio.

Inspekta Ekeno alichutama kando yake. "Ngamia hawa ni wa nani?"

"Dume ni wangu."

"Na majike?"

"Wamekuja malishoni."

"Wenyewe?"

"Ngamia ana miguu, afande."

"Kutoka sandukuni?"

Adano alimwona Yattani nyuma ya askari, na mikono yake ikaacha kazi.

"Niliingia mimi," alisema. "Watu walikuwa msikitini. Kabale alikuwa ameenda kisimani. Andika, afande. Niliingia kwa mtu kama mbwa, na umri huu."

"Kwa nini?"

Adano alimchukua jike mmoja, mwekundu, akamgeuza tumbo juu na kumpa Inspekta. Katikati ya tumbo palikuwa na alama ya kidole gumba, ndogo, ya mtoto, mistari yake yote ikionekana. Sajini Denge alisogea kuangalia.

"Alama ya kidole kabisa," alisema kwa furaha ya kazi. "Tuipeleke Nairobi, afande?"

"Mwenyewe hawatampata Nairobi," Inspekta alijibu.

"Dadacha aliwabonyeza wote hivyo," alisema Adano. "Alisema asiyebonyezwa hana roho. Mimi nilikuwa mbali mwaka jana, karibu na Rapsu, natafuta maji. Ngamia walikuwa wanakufa mmoja mmoja. Habari yake ilinifikia akiwa ameshazikwa. Nilirudi kwa miguu, sina mnyama hata wa kuongoza. Nimepita mbele ya mlango wako, Yattani, sijui mara ngapi. Niingie niseme nini? Sikumbeba. Sikumtia udongo. Nilitaka kugusa pale alipogusa yeye."

"Ungeingia useme salaam aleikum," alisema Yattani. Sauti yake ilikuwa bado ya hasira, lakini ilikatika katikati. "Ungeomba. Ningekunyima?"

"Niombe ngamia? Mimi?" Adano aliinua kichwa. "Mimi niliyekuwa na boma lililojaa? Niende kwa mtu kuomba, tena wa udongo?"

Hapo hata Tiya, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alicheka, akajifunika mdomo kwa shuka.

Inspekta alisimama na kujipangusa magoti. "Mzee Yattani, mshukiwa amekiri. Nimfungulie mashtaka?"

"Mashtaka ya nini? Si amesema walikuja malishoni?"

Yattani alichutama kwa shida, magoti yakilia. Aliwaokota ngamia wa ndugu yake mmoja mmoja, akiwataja majina, akawaweka kwenye kikoi chake. Alipofika kwa yule mwekundu alisita. Alipitisha kidole chake juu ya alama ile, kisha akamrudisha bomani, kando ya dume mwenye sikio lililokatika.

Kwa Waborana kama wazee hawa, mtu aliyeishiwa mifugo hupewa na wenzake jike la kukamua, wanaita dabare. Maziwa ni yake. Akizaa, ndama ni wa aliyetoa, na aliyepewa akishasimama tena, jike hurudi kwa mwenyewe. Hakuna aibu ndani yake, maana si sadaka.

"Huyu mwekundu, Dimtu, nakupa dabare," alisema Yattani. "Polisi ni mashahidi. Akizaa, ndama ni wangu, halafu umrudishe."

Adano alimtazama ngamia, akamtazama rafiki yake.

"Yattani, huyu ni udongo. Hatazaa."

"Najua," alisema Yattani, akifunga kikoi. "Basi utakuwa naye muda mrefu."