Volti Tatu Ziwani

Dhoruba iliua injini kabla Mbita haijaonekana, na tangu hapo Dalmas, mwenye mashua, hakumwamini tena abiria wake. Siku mbili walisukumwa ovyo ndani ya ukungu, bila jua wala nyota. Maji yaliingia kwenye ufa wa ubavuni, wakayachota kwa kopo, kwa zamu. Mguu wa Dalmas, uliochanwa na panga boi la injini, ulikuwa umevimba na kunuka. Alijua kesho hataweza kupiga kasia.

Na huyu mwalimu, Agneta Nakhungu, hakuuachia mfuko wake hata kidogo. Ati vifaa vya kemia vya shule. Sasa alikuwa akikoroga mrututu, ule unga wa buluu wa maabara, katika kikombe cha kunywea! Dalmas akasogeza panga karibu.

"Hiyo ni sumu, mwalimu. Unataka mimi nikunywe?"

"Ukinywa utakufa. Ni ya kuwasha redio hii, betri zake zimelowa. Ikiongea nitaizungusha. Pale sauti itakapozimika, ubavu wake unaelekea mnara wa matangazo wa Kisumu."

Alikuwa na vipande vitatu vya shaba na vitatu vya zinki, vya kutengeneza betri tatu. Redio ilitaka volti tatu. Akaandika daftarini volti za kila madini: shaba 0.34, zinki hasi 0.76. Akapunguza, akapata 0.42. Mara tatu haikufika hata moja na nusu. Akaanza kulia.

Dalmas alidhani machozi ni ujanja. "Hasi ni nini?"

"Ni chini ya sifuri. Sifuri ni kama uso wa maji."

"Basi shaba iko juu ya maji, zinki iko chini, na wewe unapunguza? Sisi tukipima toka ncha ya boya mpaka jiwe ya wavu, tunajumlisha!"

Agneta aliliinamia tena daftari. Uchovu ulimsahaulisha ile hasi, kosa analowagombezea wanafunzi kila muhula. Shaba kutoa hasi ya zinki: 1.10. Mara tatu, 3.30.

Akapanga shaba, kitambaa cha mrututu, kitambaa cha maji ya chumvi, zinki, mara tatu, akaunga kwa waya. Redio ikakohoa, ikaanza kusoma matangazo ya vifo kwa Kijaluo. Dalmas alisikiliza kwa hofu, asije akasikia jina lake.

Agneta akaizungusha mpaka ikanyamaza. "Ni huku, au kinyume chake."

"Wimbi kubwa inatoka nyuma, kwa ziwa wazi. Kisumu iko mbele. Shika kasia."

Alasiri ukungu ulipasuka, na fuo za Luanda Kotieno, ng'ambo ya Mbita, zikaonekana. Mashua ilipogusa mchanga, Dalmas alishikwa na aibu.

"Mwalimu, leo asubuhi nilikuwa nimeamua kukutupa majini."

"Nilijua," Agneta alisema, akimpa bega ashuke. "Kwa nini unafikiri sijalala siku mbili?"