Miche ya Uluguru

Kabichi ilichomoka kwenye tenga la Bushiri, ikabingirika katikati ya soko la Kariakoo na kumgonga Waridi mguuni. Waridi alikuwa na sinia la samaki wa kukaanga kichwani, kanga nyekundu mpya kiunoni.

"Umenivunja kidole, bwana wewe!"

"Nisamehe, bibie. Kaa nikukande."

Wauza ndizi wakaangua kicheko, na Waridi naye akacheka. Tangu hapo, kila Bushiri aliposhuka na treni kutoka milima ya Uluguru, alianzia kwake. Alimsimulia bustani yake: asubuhi jua linachoma, mchana ukungu unafunika kila kitu, jioni baridi ya kukaza vidole.

"Mvua za kwanza zimeipokea miche vizuri," alimwambia masika yalipoanza. "Nikivuna tu, mpenzi, naja kwa baba yako."

Masika yakaisha, Bushiri haonekani. Waridi akawa hali, halali. Nyumbani Msimbazi, baba yake, Mzee Abbasi, akaanza kusikiliza posa ya mtu mwingine.

"Huyo wa milimani ana mke wake huko, mwanangu. Msahau."

Kisha jirani akaleta habari: Bushiri yuko stesheni, anabeba magunia. Waridi alikwenda mbio, baibui likiburuta vumbi. Akamkuta kweli, amekonda, shati limechanika begani.

"Uko mjini tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na mimi ninakufa kila treni ikiingia! Una mke?"

"Mke gani, Waridi? Mvua ya mawe iliponda bustani yote. Nikapanda tena, ukungu ukang'ang'ania, miche ikaoza. Nije kwenu na nini? Olewa, mama. Sina kinyongo."

Waridi alilia mbele ya mahamali wote.

"Utapanda tena?"

"Vuli. Lakini kule hali ya hewa haiaminiki."

"Basi tutapanda wote. Mawe yakishuka, yatupige wote. Twende kwa baba."

"Atanifukuza."

"Atatufukuza wawili."

Mzee Abbasi alikuwa barazani.

"Shikamoo, mzee," alisema Bushiri.

Mzee alimpita kwa macho. Alimtazama binti yake aliyeketi chini, karibu na yule mwanamume.

"Utamlisha nini?"

Machozi yakamtoka Bushiri. "Sijui, mzee."

Mzee Abbasi aligeukia ukutani.

"Kamwiteni shehe," alisema mwishowe, "kabla sijabadili moyo."

Ndani, mama yake Waridi alianza kukunja mablanketi ya baridi ya milimani, akilia.