Jina Lililofutwa

Hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, wala viatu vya kubadilisha, wala mtu wa kumuuliza kama amekula. Alikuwa na kiti kimoja tu kwenye kiwanda cha uchapaji, alikopanga kurasa za jarida la saikolojia, na hata hicho alikirithi kwa mtu aliyefukuzwa.

Walikutana kwenye foleni ya duka la fotokopi. Binti mwenye gauni la buluu alikumbatia rundo la majarida mpaka kidevuni.

"Kaka, taratibu! Nimebeba miaka hamsini hapa."

"Nikupokee ishirini, dada. Ya nini yote?"

"Nahesabu wanawake waliochapisha utafiti. Huku mwanzo, mmoja kwa kila kumi. Leo tunakaribia nusu."

"Basi mmeshashinda."

"Wee! Tazama kwanza jina linalotangulia ni la nani."

Miezi mitatu simu zao hazikupoa. Yeye alimwita Bi Hesabu. Binti alimwita Fundi wangu.

Kisha makala ya binti ikafika mezani kwa fundi: jina la binti juu, la profesa wake chini. Meneja akaja kusimama nyuma ya kiti, pumzi yake shingoni.

"Profesa amepiga simu. Futa jina la juu. Wamekubaliana."

"Binti mwenyewe amesema, bosi?"

"Aliyekalia kiti hicho kabla yako naye alipenda kuuliza."

Akafuta. Herufi zikatoweka moja moja, kama watu wanaotoka chumbani bila kuaga.

Jioni simu ikalia. "Fundi wangu, nimeona nakala ya mwisho. Mimi simo. Ni mkono wako?"

"Nilidhani mmekubaliana, mpenzi."

"Kila siku unanipigia hata kunipasha kuwa mvua imenyesha. Leo ukakosa salio?"

Ikakatika. Siku tatu binti hakupokea.

Siku ya nne, wiki moja kabla ya jarida kuingia mtamboni, fundi alimkuta mgeni amekalia kiti chake, akionyeshwa mashine; swali lake moja kwa meneja lilikuwa limetosha. Hakuna aliyemsalimia. Akafungua droo, akachukua ukurasa wa asili wenye majina mawili na sahihi ya profesa, akatoka.

Posta, akampigia binti tena. Safari hii ikapokelewa.

"Namwandikia mhariri mkuu wa jarida. Nimesema ni mimi niliyefuta, na nani aliniamuru. Nimeweka jina langu kamili."

"Watakufukuza."

"Kiti kimeshapata mtu."

Kisha sauti ndogo: "Umekula?"

Fundi akabana simu begani. Akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa dole gumba, akamkabidhi karani. Muhuri ukagonga mara moja.