Nani Anakula Kuku wa Nanzala?

Nanzala, mume wake Wabuge na mtoto wao Ashley wanaishi Moiben, karibu na Eldoret. Walitoka magharibi mwa Kenya kutafuta kazi ya shamba, wakabaki. Kila siku kukipambazuka, Nanzala hufagia uwanja wote. Kisha hupika chai, na nyumba hujaa majirani. Habari zote za senta yao ndogo ya maduka hupitia hapo.

Mwezi huo habari ilikuwa moja tu. Kuku wa Nanzala walikuwa wakipotea. Watano walikuwa wameenda, na yalibaki manyoya tu.

"Ni Bosco," watu walisema. Bosco ni mbwa wa jirani yao, Jebet. Hafungwi, na anapenda kuzurura.

Wabuge akanunua sumu. "Kesho kutwa naweka kwa nyama," alimwambia mkewe. "Huyo mbwa ameshiba vya kutosha."

"Kwani ulimwona akikula kuku?"

"Sasa ni malaika wanawabeba?"

Nanzala alienda moja kwa moja kwa Jebet, akamweleza yote, hata ile sumu. Jebet alishtuka. Lakini alichunga kondoo tangu utotoni, na anajua wanyama.

"Mama Ashley, umeona nyayo?"

"Kwangu hakuna hata moja."

"Utazionaje? Unaamka na ufagio, unafuta ushahidi wote! Kesho usifagie. Leo jioni mwaga maji kando ya banda, udongo ulainike."

Asubuhi Nanzala alijizuia. Mikono ilimwasha kweli! Kuku wa sita hakuwepo, lakini kwenye tope kulikuwa na nyayo.

Jebet alikuja na Bosco, akamkanyagisha tope hapo kando.

"Baba Ashley, kuja uone. Huu ni mguu wa mbwa. Ni mrefu kidogo, na mbele ya vidole kuna alama za kucha. Huu mwingine ni wa mviringo. Kucha ziko wapi?"

Wabuge aliinama. "Hakuna."

"Jamii ya paka huficha kucha wakitembea. Na huu ni mkubwa kuliko wa paka wa nyumbani. Ni mondo, yule wa madoadoa na miguu mirefu. Anakaa kwa nyasi ndefu kule mtoni."

Karibu na ua walipata kinyesi. Jebet alikipasua kwa kijiti, si kwa mkono. Ndani kulikuwa na manyoya ya kuku na ya panya.

"Anakula pia panya wanaomaliza mahindi yenu. Msimuue. Fungeni banda. Sumu haichagui, hata mtoto angeweza kuiokota."

Wabuge alimgeukia Jebet. "Mama, ningeua mbwa wako bure. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nyinyi watu wa magharibi mnavyopenda kuku, akiguswa tu ni vita!"

Wote walicheka.

Siku hiyo sumu ilirudishwa dukani, chupa haijafunguliwa. Walizungushia banda waya wa matundu madogo, wakauzika chini, wakatia komeo. Kuku hufungiwa kabla jua halijazama, na hufunguliwa jua likishapanda. Ni miezi mitatu sasa, na hakuna aliyepotea.

Jumapili iliyopita, wakati wa ushuhuda kanisani, Wabuge alisimama. Watu walidhani atashukuru kwa mavuno.

"Nashukuru Mungu kwa jirani yetu Jebet," alisema. "Nilikuwa nimenunua sumu ya kumuua mbwa wake. Alijua, na bado akaja kunifundisha."