Wali Uliobaki Sahanini

Saa saba na nusu mchana bwalo la chuo lilikuwa limefurika. Vijiko viligonga sahani, viti vilikwaruza sakafu, na foleni ya chakula ilikuwa imetokeza nje ya mlango. Kwenye dirisha la kurudishia vyombo alisimama msichana mwembamba aliyevaa gauni la njano na aproni ya plastiki iliyomzidi kimo. Mbele yake kulikuwa na mizani, ndoo mbili na daftari.

"Samahani, kaka. Usimwage. Nipe mimi."

Alipokea sahani, akakwangua masalio, akapima, akaandika. Wali ndoo hii, maharage ndoo ile.

Mwanamume mrefu mwenye kofia nyeupe akatoka jikoni akijifuta mikono. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa bwalo lile, na alikuwa ameambiwa kuna mtu anachokora mabaki yake.

"Dada, umepoteza pete?"

"Sijapoteza kitu. Napima mnachotupa."

"Nani anatupa? Mimi napika. Wanaotupa ni nyinyi wenye vitabu."

Msichana akainua uso, akacheka. Alieleza kwamba anasomea mazingira, yuko mwaka wa mwisho, na kwamba wapo wanafunzi kumi na wawili wanaokutana kila Jumatano kuchunguza chakula: kinatoka wapi, kinaliwaje, na kisipoliwa kinakwenda wapi.

"Na mmegundua nini?"

"Watu wanamaliza maharage yako lakini wali wanaacha. Kwa nini?"

Mpishi alijikuna shavu. Alikuwa amepika pale miaka tisa, na swali pekee alilozoea kuulizwa ni kama chakula bado kipo. "Sijui," akasema. "Lakini sasa umeniachia kazi ya kuwaza."

Tangu siku hiyo akamwita Mizani, na asubuhi akawa anamkaribisha jikoni. Mizani aliuliza kila kitu, hata kovu la kwenye mkono wake lilitoka wapi.

"Unajuaje wali umekauka bila kufunua?"

"Nausikiliza."

"Unanitania."

"Sogea hapa."

Wakainama pamoja kando ya sufuria kubwa. Mwanzoni maji yalinguruma kwa uzito. Baada ya dakika chache mngurumo ule ukageuka mtatariko mwembamba, kama mvua inayoisha juu ya bati.

"Hapo," mpishi akanong'ona. "Punguza moto."

Mizani alisahau kuandika. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni kwenye shati la mpishi, na wote wawili walichelewa kidogo kusimama wima.

Jioni simu zikaanza.

"Mizani, umekula?"

"Nimekula."

"Umebakisha?"

"Wali kidogo."

"Basi nakushtaki kwenye kikundi chenu."

Dada yake Mizani, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akimsikiliza kutoka chumba cha pili.

"Huyo anayekuchekesha hivyo ni nani?"

"Mpishi, dada."

"Mpishi wa nani?"

"Nadhani wangu."

Mwisho wa mwezi kikundi kikabandika bango kubwa kwenye mlango wa bwalo. Mizani alikuwa amempa mwenyekiti wao takwimu zote pamoja na picha alizopiga jikoni, akaamini zitapangwa vizuri. Alipofika asubuhi aliona sufuria ya mpishi, ileile waliyoinamia pamoja, na chini yake maandishi mekundu: "Jiko hili hutupa kilo thelathini na nane za wali kila siku."

Kabla ya saa sita, msimamizi wa bwalo alikuwa amemwita mpishi ofisini. Kesho yake mpishi akahamishiwa stoo kupokea magunia, na jikoni akawekwa mtu mwingine.

Mizani alipiga simu siku mbili bila kujibiwa. Siku ya tatu ikapokewa.

"Mpenzi, nisikilize. Yale maneno sikuandika mimi."

"Picha alipiga nani?"

"Nilipiga mimi."

"Uliniuliza habari za moto, za mchele, hata za kovu langu. Ukashindwa kuniuliza kama ni sawa kubandika sufuria yangu mlangoni."

Simu ikakatika.

Alilia mpaka macho yakavimba. Lakini katikati ya kilio lile swali lake la siku ya kwanza likamrudia. Alikuwa amepima siku kumi na nane, na hakuwa amemuuliza mlaji hata mmoja kwa nini ameacha wali.

Jumatatu aliingia bwaloni mikono mitupu, akaanza kukaa meza hadi meza. Wengine walimwangalia kama mtu asiye na akili timamu. Hata hivyo, ilipofika Ijumaa alikuwa amezungumza na watu zaidi ya mia, na karibu wote walioacha wali walikuwa wanafunzi wa udaktari na uhandisi. Walitoka darasani saa saba na nusu, na saa nane kamili walitakiwa maabara. Wakishapanga foleni dakika ishirini, walibaki na muda wa kula maharage tu, kisha mbio.

"Wali una kasoro gani?" alimuuliza msichana mmoja aliyekuwa tayari amesimama.

"Wali mtamu, dada. Saa ndiyo inayotunyang'anya."

Jumatano alimwomba msimamizi wa bwalo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, ahudhurie mkutano wao. Mizani akasimama mbele ya wenzake.

"Takwimu ni za kweli, lakini tulilaumu jiko kabla ya kuwauliza walaji. Na ile picha niliitoa mimi bila ruhusa ya mwenye jiko. Nimekosea."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. "Wa kulaumiwa ni mimi pia," akasema.

"Sasa mnataka nini?" msimamizi akauliza.

"Dirisha la pili la kugawia chakula, mama. Na mpishi arudi kazini."

Bango alilibandua kwa mikono yake. Wiki iliyofuata dirisha likafunguliwa na mpishi akarudi jikoni. Ila hakupiga simu, na Mizani hakuthubutu kumfuata.

Siku ya tisa alimkuta amesimama nje ya darasa lake, amevaa shati la buluu lililonyooshwa vizuri. Hakuvaa kofia. Mizani hakuwa amewahi kuona nywele zake. Zilikuwa na mvi mbili tatu juu ya masikio.

"Ungeweza kumsukumia mwenyekiti lawama," mpishi akasema.

"Picha nilipiga mimi."

"Kule stoo nilikuwa najiuliza kama ulikuja jikoni kwa ajili yangu au kwa ajili ya daftari."

"Siku ya kwanza, daftari. Siku ya pili nililiacha nyumbani makusudi, ili nipate sababu ya kurudi kuuliza tena."

Mpishi akajaribu kukaza uso, akashindwa. Walicheka hadi wapita njia wakageuka.

"Jumapili utakuwa wapi?" akauliza.

"Nyumbani, na dada."

"Mwambie nakuja. Na shangazi yangu."

Mizani akamtazama. "Shangazi anakuja kufanya nini?"

"Mimi mwenyewe nikitakiwa kutamka posa nitatetemeka. Yeye hatetemeki."

Mizani alikaa kwenye ngazi kwanza, ndipo akapiga simu nyumbani.

"Dada, Jumapili tuna wageni. Mpishi, na shangazi yake."

Cherehani ikanyamaza upande wa pili.

"Na shangazi yake," dada akarudia taratibu, sauti ikiwa imelowa machozi. "Haya, mwanangu. Waje, waje." Akapenga kamasi. "Lakini jamani, mtu mpishi unampikia nini?"